Safu ya Kushoto

Jumanne ile nilimfukuza Mama Waithera, na sitajitetea. Nimekaa kwenye kaunta ya nyaraka za serikali, orofa ya chini kabisa ya maktaba ya chuo kikuu chetu katikati ya jiji, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumpa kitabu mgeni asiye na barua. Waandishi wa magazeti walileta barua. Askofu mmoja alileta barua. Yeye alikuja na kiondo, sweta ya kijani, na kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa mwaka: 1988/89.

"Madam, nimeambiwa hapa ndio kuna vitabu za bajeti za zamani," alisema.

"Barua iko wapi?"

"Barua ya nani?"

Hapo ndipo damu yangu huanza kuchemka. Mama wa watu akajaribu kunieleza, nami nikamsikiliza kwa sikio moja. Kwao Waithaka kuna zahanati inaitwa Kamuthiga. Kiwanja chake kilitolewa bure na mumewe, marehemu Njuguna, mwaka wa themanini na sita, kwa maneno matupu mbele ya chifu wa wakati huo, bila maandishi. Serikali ikajenga. Sasa mtoto wa shemeji yake alikuwa ameuza kiwanja kwa hati ya kumilikisha ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi, na aliyenunua alikuwa tayari amepiga alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa chumba cha wazazi. Korti ilikuwa imezuia ubomoaji hadi Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Siku hiyo hakimu alitaka kuona thibitisho kwamba serikali iliwahi kutumia pesa pale. Bila hilo, zuio lingeondolewa na tingatinga lingeingia. Wizarani alikokwenda kwanza aliambiwa faili ya zahanati haionekani.

Yote hayo alinieleza Jumanne. Nami nilimjibu hivi, kwa sauti ambayo wanafunzi huiogopa kuliko mtihani: "Makadirio ya Maendeleo ya 1988/89, sehemu ya Wizara ya Afya, hayatolewi kwa mtu aliyetoka tu barabarani! Lete barua ya chifu, iwe na muhuri, ndiyo tuongee!"

Ukumbi mzima uliinua vichwa. Wavulana wawili kwenye meza ya karibu wakacheka. Mama Waithera alikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye kiondo, akaondoka.

Alirudi Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, viatu vimejaa vumbi. Akaninyooshea barua. Nikatazama muhuri: wa zambarau, wa mviringo, unasomeka. Nikamrudishia barua yake.

"Sawa. Ngoja hapo," nikasema, nikaenda kwenye rafu.

Kitabu kilikuwa mahali pake, chenye jalada la buluu na vumbi la heshima. Nilikifungua pale kaunta, mbele yake, nikafuata orodha ya yaliyomo. Wizara ya Afya, zahanati za vijijini, ukurasa wa 213. Nikafunua. Ukurasa wa 211, nyuma yake 212. Halafu 215.

Nilidhani zimeshikana. Nikalowesha kidole. Kisha nikapitisha kucha kwenye mshono nikagusa ncha ya karatasi iliyobaki, nyembamba, iliyonyooka vizuri. Wembe.

"Ni nini?" aliuliza.

"Umekatwa."

Hakulia. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Shemeji yangu alisema mbele ya ukoo wote mimi ni mwongo," alisema polepole. "Akasema Njuguna hakupeana hiyo shamba, aliazima tu serikali, na sasa mimi najitafutia kesi na mali ya watu. Wazee walinyamaza. Nilikuwa nangoja hii kitabu iseme."

Nikavuta rejista. Kila anayegusa kitabu changu huandika jina, saa, na kazi anayofanya. Hiyo ni amri yangu na si ya chuo. Kitabu hicho kilikuwa hakijaombwa na mtu tangu mwaka wa tisini na tisa. Halafu kulikuwa na mstari mmoja mpya, mwandiko wa kupendeza: Zachariah, karani wa wakili, utafiti wa kilimo. Jumanne, saa tano na dakika arobaini.

Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa na tai ya kijivu na barua nzito yenye jina la wakili juu. Alikaa tangu asubuhi kwenye meza ya karibu na kaunta akisoma Gazeti Rasmi la Serikali, na aliniambia asante mara mbili. Nilimpendelea. Nilimpa hata meza ya dirishani.

"Unamjua huyu?" nikamwonyesha jina.

Alilisoma kwa midomo. "Huyo? Ni karani wa wakili wa yule amenunua. Kortini hukaa nyuma yake, akibeba mafaili."

Mama Waithera nilimfukuza saa tano na nusu. Dakika kumi. Karani hakujua mama huyu anatafuta nini mpaka mimi nilipotangaza ukumbi mzima jina la kitabu, mwaka na wizara. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kukata. Nilihisi uso wangu unawaka moto, na kwa aibu ninayoikiri leo, sikumwambia mama huyo. Nilifunga rejista haraka.

Halafu nikakumbuka safu ya kushoto.

Vitabu hivi vya makadirio vina desturi moja ambayo mtu asiyeishi navyo haijui. Kila mradi una safu mbili za pesa. Ya kulia ni pesa za mwaka huo. Ya kushoto ni za mwaka uliotangulia, zimewekwa ili wabunge walinganishe. Kwa hiyo ukikata ukurasa wa 1988/89 hujaumaliza, maana kitabu cha 1989/90 kinarudia hesabu zake zote upande wa kushoto. Wembe wa karani ulikuwa umekata nusu tu ya kazi.

"Mama, bado hatujashindwa," nilimwambia, na nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

Rafuni kitabu cha 1989/90 hakikuwapo. Mwaka uliopita nafasi ilikuwa imekwisha, nikapeleka makasha arobaini kwenye stoo kule nyuma. Nilipofika mlangoni mwa stoo nilimkuta Muthama, mlinzi wetu, na rundo lake la funguo.

"Nifungulie, nusu saa tu."

Akatazama saa ya ukutani. "Madam, saa kumi na moja imefika."

"Ni jambo la dharura, Muthama."

"Hata yule mwalimu wa sheria aliniambia ni dharura," akajibu. "Nilimwachia dakika kumi, ukaniandikia barua kwa wakubwa. Hiyo barua bado iko kwa faili yangu. Kesho saa mbili, Madam."

Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi kwangu nyuma ya Kenyatta Market, nikapita katikati ya moshi wa nyama choma ambao kwa kawaida hunisimamisha, na sikusimama. Mtu mmoja akikutegemea hivyo, chakula hakiteremki.

Ijumaa saa mbili kamili tulikuwa mlangoni pamoja, mimi na Mama Waithera. Wageni hawaruhusiwi stoo. Nilimwingiza. Muthama alitazama pembeni.

Makasha yalikuwa yamelowa chini na lebo zangu zimefutika. Tulianza na la kwanza. Bajeti za miaka ya sitini, ripoti za tume, takwimu za ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa natoa, yeye anapangua, anarudisha kwa mpangilio bila kuambiwa. Saa tatu tulikuwa kwenye kasha la kumi na nne. Saa tatu na nusu, la ishirini na tatu. Nilianza kuwaza labda kitabu kiliuzwa na karatasi taka, na kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi.

Kilikuwa kwenye kasha la thelathini na moja. Jalada limevimba kwa unyevu lakini kurasa ni nzima. Nilitafuta zahanati za vijijini nikateremsha kidole, lakini yeye ndiye aliyeliona kwanza.

"Kamuthiga," alisema. Akarudia, "Kamuthiga!"

Safu ya kulia ilikuwa na kistari tu. Mwaka huo hapakuwa na pesa, jengo lilikuwa limekwisha. Kushoto: pauni elfu kumi na tisa za Kenya, ujenzi wa chumba cha wazazi na nyumba ya muuguzi. Siku hizo serikali ilikuwa bado inahesabu kwa pauni. Mama Waithera aliweka kiganja juu ya ukurasa, akakiacha hapo kwa muda, nami sikumharakisha ingawa saa ilikuwa inanikimbia.

Ilibaki fotokopi, na muhuri wa mkuu wa maktaba wa kuthibitisha kwamba nakala inalingana na kitabu. Nilimketisha Mama Waithera nyuma ya rafu, nikarudi kaunta kutafuta fomu. Nikainua macho. Tai ya kijivu.

"Sasa, Madam," Zachariah alisema huku akitabasamu. "Leo niko na haraka kidogo. Nataka ile ya mwaka unaofuata. Themanini na tisa, tisini." Akaweka barua mbele yangu, mpya, nzito, muhuri safi.

Kuna mtu mwenye akili alikuwa amemweleza kuhusu safu ya kushoto. Kitabu kilikuwa chini ya kiwiko changu, nimekifunika na gazeti la jana. Amri yangu mwenyewe, iliyobandikwa ukutani nyuma yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe, inasema mwenye barua ahudumiwe.

"Kiko kwa mfungaji vitabu," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwenye kaunta ile.

Alishusha macho. Gazeti lilikuwa fupi kuliko kitabu. "Na hiyo uko nayo chini ya mkono, ni gani?"

Nikakivuta kitabu kwangu. Alichukua barua yake, bado anatabasamu, akapanda ngazi kuelekea kwa mkuu.

Mkuu wetu ni Bwana Hemed, mtu wa Mombasa, mpole hadi unasahau kumwogopa, lakini kwa utaratibu hana mchezo. Mimi nilijifunza kwake. Baada ya dakika tano simu ililia. Nilipanda na vitabu vyote viwili, rejista juu yake. Saa yake ya ukutani ilisema saa tano na robo. Saa sita Bwana Hemed huondoka kwenda msikiti wa Jamia, na siku za Ijumaa harudi kabla ya saa nane na nusu. Saa hiyo ndiyo ya korti.

"Bi Peres," alisema, "huyu kijana ana barua timamu. Kitabu anachokitaka kipo?"

"Kipo."

"Basi mbona umemwambia hakipo?"

"Nimemdanganya, Bwana Hemed."

Alivua miwani. Zachariah alikohoa kidogo, akanyoosha mkono wake kukipokea kitabu kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Nitampa," nikasema. "Lakini kabla sijatoa hiki, ujue kuna kingine kimekatwa ukurasa kwa wembe wiki hii." Nikanyamaza hapo. Sikutaja mwaka. Sikutaja wizara. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, kunyamaza ilikuwa kazi.

"Ati nini?" Zachariah akaruka. "Mimi sijakata kitu! Hiyo mambo ya zahanati mimi hata siijui, usinibebeshe!"

Mashine ya fotokopi ilisikika chumba cha pili.

Bwana Hemed aliinua barua akaisogeza karibu na macho. "Hapa pameandikwa utafiti wa kilimo," alisema. "Na Bi Peres hakutaja zahanati. Wewe umeitoa wapi?"

"Nilisikia tu... kuna mama alikuwa hapo chini akiisema."

"Lini?"

"Jumanne."

Bwana Hemed alivuta rejista, akaifungua mwenyewe, akasoma mstari, akasoma na saa. Kisha akafungua kitabu cha 1988/89 akapitisha kidole kwenye mshono kama nilivyofanya mimi. Zachariah alikuwa mwepesi. Akakidaka kile kizima mezani, mimi nikakidaka upande wa pili, na mgongo wa kitabu ukalia kwa kupasuka. Sikuachia. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na shati langu limechomoka, nilishikilia hadi vidole vikafa ganzi.

"Kijana," Bwana Hemed alisema bila kupandisha sauti, "ondoa mkono wako kwenye mali ya chuo."

Akauondoa. Alisema wakili wake atatufungulia kesi, akaacha mlango wazi. Nikakaa bila kukaribishwa.

Nilimweleza Bwana Hemed yote, na makelele yangu ya Jumanne pia. Alisikiliza huku akitazama saa. Akaagiza fotokopi itolewe, akapiga muhuri kwenye nakala, akatia sahihi. Halafu akaandika karatasi nyingine, ya kuruhusu kitabu chenyewe kitoke.

"Nakala wataibishia. Nenda nacho, ukakisimamie. Na Jumatatu, Bi Peres, tutazungumza kuhusu ule uongo."

"Ndiyo, Bwana."

Nilimchukua Mama Waithera nyuma ya rafu, na langoni Muthama alisoma ile ruhusa mara mbili, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Aliandika kwenye daftari lake taratibu, tarehe, saa, jina langu lote, nami nilisimama nikangoja kama wengine wanavyongoja.

Kortini tuliitwa saa tisa kasorobo. Kiti cha nyuma ya wakili kilikuwa kitupu. Wakili mwenyewe alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema mama huyu hana hati wala faili, na kwamba hata kitabu anachokitegemea, kile cha maktaba ya chuo, hakina ukurasa kama huo. Hakimu alimwuliza alijuaje. Wakili akasema ni taarifa alizopokea.

Kisha hakimu akauliza kama kuna mtu wa maktaba. Nikasimama.

"Soma mstari huo."

Nikasoma. Mimi ambaye wanafunzi hunisikia toka orofa ya pili, nilinong'ona.

"Sauti, mama," hakimu alisema.

Nikasoma tena. Wakili akadai safu ina kistari, yaani hakuna pesa. Nikaeleza kulia ni nini na kushoto ni nini, kwa nini wabunge huwekewa zote mbili, na jinsi ukurasa wa kitabu cha kwanza ulivyokatwa. Hakimu aliomba kitabu. Alikaa nacho muda mrefu sana, akafunua mbele, akafunua nyuma, akalinganisha na miradi mingine. Mama Waithera alikuwa amenishika kiwiko na hakujua kwamba amenishika.

Zuio likaendelea hadi kesi isikizwe yote. Hakuna atakayegusa ukuta wa zahanati. Na kuhusu ukurasa uliokatwa, hakimu aliagiza nakala ya rejista yangu ipelekwe kwa polisi.

Nje, kwenye ukumbi wa korti, wanawake wa Waithaka waliokuja naye walikuwa wanakumbatiana na kupiga simu nyumbani. Mama Waithera hakwenda kwao. Alisimama nami ukutani. Nilijua nisipomwambia pale sitamwambia tena.

"Mama, ule ukurasa ulikatwa kwa sababu yangu. Nilipiga kelele Jumanne, yule karani akasikia. Ningekupa kitabu siku ile, leo kingekuwa kizima."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwa benchi ya nje nikipumzisha miguu. Nilimwona kwa dirisha ukimpatia. Ukimchekea." Akavuta pumzi. "Nilikuchukia, Peres. Siku mbili nzima kwa ofisi ya chifu nikingoja hiyo barua, nilikuwa nakuchukia."

Nilisema pole. Neno lilikuwa dogo mno, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Akaingiza mkono kwenye kiondo, akatoa ile barua, imekunjika pembeni, akaniwekea mkononi. "Ulitaka barua. Nikakuletea. Ukaangalia muhuri tu ukanirudishia."

Nikaifungua. Ilikuwa na mistari mitatu, iliyopigwa kwa taipureta ambayo herufi yake moja ilikuwa imechakaa. Wa kwanza ulisema mwenye barua ni mjane wa marehemu Njuguna aliyetoa kiwanja cha zahanati ya Kamuthiga. Wa pili ulisema ametembea ofisi nyingi. Wa tatu ulisema: naomba asikilizwe.

Niliisoma nimesimama, watu wakipita. Kisha nikamwomba Mama Waithera, kama ana nafasi, anisimulie tena tangu mwanzo.